Gramu za Mkulima Zaenda Wapi?

Sisi wa Mombasa chai twaijua ikishafika: maghala, malori na mnada. Mwezi jana nilimtembelea rafiki yangu mkulima huko Bomet, nikaiona inapoanzia, kwenye kikapu na mizani. Akanitolea daftari lake na risiti zake. "Ndugu yangu, wewe umesomea kompyuta. Hizi gramu zinaenda wapi?"

Siku aliyopima kilo 8.46, risiti ilisema 8.46. Siku ya 12.74, ilisema 12.7. Jumla ya mwezi daftarini ni 318.46, risiti ikaandika 318. Yeye alidhani ni wizi. Mimi nikaona kitu kingine: kila namba ina tarakimu tatu, hazizidi.

Kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili, si kwa kumi-kumi kama sisi, kwa hivyo 0.1 haiwezi kuihifadhi sawasawa. Ukiambia lugha ya Python ijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Ndiyo maana mwandishi wa programu huiamuru ifupishe inapochapa.

Hapo ndipo penye mtego, kwani amri ni mbili na zafanana. "%.2f" huhesabu tarakimu baada ya nukta: 318.46 hubaki 318.46. "%.3g" huhesabu tarakimu zenye maana, kuanzia ya kwanza isiyo sifuri: 318.46 huwa 318. Amri hii ya pili yafaa maabara. Kwa kilo za chai ni balaa, maana jumla ikikua, kosa nalo hukua. Kilo 3,824.46 za mwaka huchapwa 3.82e+03, yaani 3,820. Kilo nne na ushei hazionekani, na bonasi hulipwa kwa kilo.

Ni kweli, mara nyingine namba hupandishwa na mkulima akafaidi. Lakini haki si bahati nasibu.

Dawa ni rahisi. Mwenye programu ahifadhi gramu nzima bila nukta: 12.74 iwe 12,740. Ajumlishe zote, kisha afupishe mwisho, kwenye karatasi tu. Nawe mkulima, andika inachoonyesha mizani, si risiti pekee. Jumla zikitofautiana, uliza.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kilichotoboka.