Kabla hujavua viatu Sanje

Kila Desemba ikikaribia, ndugu walioko Ulaya na Marekani wanauliza lile lile: tukiwa njiani kwenda Ifakara kumwona bibi, watoto wanaweza kuogelea kwenye maporomoko ya Sanje? Wanaweza. Ila jibu hilo linaacha nje kitu muhimu, yaani kwa nini maji ya kule juu ni safi na ya baridi kiasi kile, wakati huku bondeni mzazi mwenye akili timamu hamruhusu mwanawe kujitosa Mto Kilombero wenye mamba.

Ukitoka Dar, pale mjini Mikumi unakata kushoto. Unapita Kidodi, unafika Kidatu, kwenye bwawa la umeme la tangu miaka ya sabini, unavuka Ruaha Mkuu na kuingia kwenye miwa ya kiwanda cha Kilombero. Waliosafiri njia hii zamani wanalijua vumbi la kutoka hapo hadi Ifakara, karibu kilomita 67. Siku hizi mnateleza juu ya lami. Baada ya Mkamba na Msolwa, mwambie dereva apunguze mwendo, kisha tazama kulia. Ukuta wa Udzungwa umesimama palepale nyuma ya nyumba za watu, na juu kwenye msitu kuna mstari mweupe wima. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje, mita 170 hivi kwa ngazi tatu.

Ukuta huo umetokana na ardhi iliyopasuka: bonde likashuka, mlima ukabaki juu. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia huku kusini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiugonga mlima hulazimika kupanda, ukapoa na kumwaga mvua. Lakini mvua peke yake haitoshi. Ingeanguka kwenye mlima mtupu, ingeteremka siku hiyohiyo na udongo wote, na ikifika Septemba Sanje pangekuwa mawe tu. Kinachoyashika maji ni msitu wa Mwanihana, unaopanda bila kukatika kuanzia mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Misitu inayounganisha bonde na kilele namna hii imebaki michache sana Afrika Mashariki.

Wanasayansi wenyewe walichelewa kujua mna nini humo. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa eneo la Sanje wakasikia mlio wa mangabei, nyani wa msituni ambaye hakuna mtaalamu aliyetarajia kumkuta hapo. Homewood alikuwa amewasoma mangabei wa Mto Tana, Kenya, kwa hiyo sauti ile haikumpita. Ikawa ni aina ambayo sayansi haikuwa imeiandika, na ikapewa jina la kijiji: mangabei wa Sanje. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimwona siku zote. Nyani huyo hapatikani popote duniani nje ya Udzungwa, na alichangia kuupa mlima huu uzito kwenye meza za wakubwa. Mwaka 1992 misitu ya hifadhi iliyokuwapo, Mwanihana ikiwamo, ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kilomita za mraba 1,990, makao makuu Mang'ula. Ndani hamna barabara za magari ya watalii. Ni miguu yako tu.

Kuna upande ambao vipeperushi vya utalii haviugusi. Vijiji vimeshikana na mpaka wa hifadhi, upande wa pili ni miwa na mpunga, na kuni ni za kila siku. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Wengi wao walikuwa kina mama. Ungewaona wakitoka msituni na mizigo kichwani. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Wahifadhi wana hoja, maana anayeingia kuokota kikavu anaweza kukata kibichi, na vijiji vinazidi kujaa. Wakahimiza majiko banifu na kupanda miti. Lakini mwenye kipande kidogo cha shamba apande miti ya kuni wapi, na wanawe wale nini? Mimi naona msitu ulistahili kufungwa, na naona pia kwamba gharama ya kuufunga imebebwa zaidi na mama wa Sanje kuliko na mimi ninayekuja kuoga.

Turudi kwenye maji. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotuama au yaendayo polepole, kama ya mifereji ya mpunga. Mkondo baridi na wa kasi juu ya mwamba hauwafai. Mamba nao hawapandi huko. Hatari ya Sanje ni nyingine: mawe yenye utelezi, na mvua inayonyesha juu zaidi bila ninyi kuiona. Maji yakibadilika rangi ghafla, toka. Nguvu ya mvua za Udzungwa waulize watu wa Ifakara, ambao Mto Lumemo unaotoka milima hiyohiyo uliwaingilia majumbani katika masika ya 2024.

Kwenda na kurudi ni kama saa nne, na kuna sehemu za mwinuko mkali. Malapa yaache garini. Ukitaka njia kavu, njoo kati ya Juni na Oktoba. Ukitaka maporomoko yenye kishindo, njoo mvua zikiisha, mwezi Juni wenyewe. Mnapanda na mwongozaji, kwa hiyo fikeni asubuhi. Na wale ndugu zangu mliochukua uraia wa nje: kiingilio cha Mtanzania ni shilingi kidogo, cha mgeni ni dola, na kinachoangaliwa ni kitambulisho. Kiswahili chako kizuri hakitapunguza bei, hata kama bibi yuko hapo Ifakara anakusubiri na wali na kambale.