Fungate Mikumi na kamera mkononi: hela iende wapi?

Wadau, msimu wa harusi ndio huo tena na kadi za michango zinatembea. Leo naongea na nyie mnaojiandaa kuoana. Bajeti nyingi nilizoziona zina ukumbi, keki, mapambo, emsii na video, halafu chini kabisa pameandikwa "fungate". Michango isipotimia, mstari unaokatwa ni huo huo. Baadaye tunasema mbugani ni kwa Wazungu!

Kwa maoni yangu fungate ipangwe kwanza, hata ya siku mbili. Zile siku saba za jadi tuwaachie wenye likizo ndefu. Na kama mnapenda picha, nendeni Mikumi. Serengeti ni tamu sana, lakini kwa anayetoka Dar gharama ya kufika tu inamaliza hela yote. Mikumi iko kama kilomita 283 kutoka Dar, na barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi. Tangu 2024 kuna treni ya umeme mpaka Morogoro, kutoka pale mnamalizia kwa basi au gari. Ila bwana harusi usimdanganye mwenzio kwamba kuona twiga kwenye dirisha la basi la Mbeya ndio fungate, hiyo ni safari ya kwenda Mbeya.

Kiingilio si cha kutisha. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kidogo sana ukilinganisha na dola za wageni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa. Getini hawapokei noti, malipo ni kwa kadi au kontroo namba. Kulala kuna gesti za mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, au mabanda ya TANAPA ndani. Mkipiga simu lodji ulizeni bei ya Watanzania, msipouliza mtatajiwa ile ya wageni.

Kinachokula hela ni gari. Gari la kuzungukia mbugani hukodishwa kwa siku, sio kwa kichwa, hivyo mkiwa wanne mnagawana. Lakini hapa kuna mtego. Kupiga picha wanyama ni kazi ya kusubiri. Simba amelala chini ya mti, wewe unataka uvizie mpaka ainue kichwa, wenzako kwenye gari wanasema "tumeshamuona, twende". Kama picha ndio mnazotaka, bora siku moja peke yenu kuliko siku mbili za kubanana na kununiana.

Mwezi nao una maana. Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, nyasi ni fupi na wanyama wanasogea kwenye maji. Machi mpaka Mei ni masika, nyasi zinamficha simba na tope linanasa magari. Mkizoea kuoana baada ya Pasaka, sogezeni fungate mbele kidogo, hakuna polisi atakayewakamata.

Sasa picha zenyewe. Jua la kwetu linapanda haraka, mwanga laini unaisha mapema. Saa kumi na mbili asubuhi muwe getini, sio kitandani (najua, najua, ni fungate). Kuanzia saa nne mwanga ni mkali, vivuli vyeusi, mkapumzike hadi saa kumi jioni. Uwanda wa Mkata ni mpana na mnyama anakuwa mbali, simu itakuletea kidoti tu. Azimeni au kodini kamera yenye lenzi ya milimita 300 na kuendelea. Mnyama anayekimbia anataka shata ya 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na shabaha iwe kwenye jicho lake. Mwambieni dereva azime injini, maana mtetemo unaharibu picha. Jazeni kimfuko mchele au maharage, kiwekeni dirishani, lenzi ilale juu yake. Flashi achaneni nayo. Droni msithubutu bila kibali. Msishuke kwenye gari isipokuwa paliporuhusiwa, na nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani kwa sababu mbung'o wanazipenda.

La mwisho ndilo naliona zito kuliko lenzi. Mara nyingi kati ya wawili mmoja ndiye mwenye wazimu wa kamera. Akikaa siku nzima jicho moja limefumbwa, mwenzake atajiona amekuja kama mbeba mizigo. Mtafutieni huyo wa pili darubini, yeye ndiye atafute wanyama na kusema "pale, kushoto kwa mbuyu". Asubuhi iwe ya kamera. Jioni kamera iingie kwenye begi, hata kama tembo anapita na mtoto wake. Na hili mkubaliane kabla ya kulipia gari, sio mkishafika kwenye bwawa la viboko.