Kabla ya Kuchagua Gari la Kasi, Iulize Njia

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari karibu na Thika, alinijia nyumbani hapa Mugutha akiwa na fomu ya mkopo wa sacco mkononi. Alinitaka niwe mdhamini wake. Nilipomuuliza fedha hizo zilikuwa za kazi gani, aliinamisha kichwa kidogo kisha akasema, "Mjomba, nataka gari. Wala si gari la kunifikisha tu. Nataka gari la kasi."

Alikuwa amebakiza mawili ya kuchagua: Subaru WRX, ambalo husukumwa na magurudumu yote manne, na Toyota 86, ambalo husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Moyo wake ulikuwa umeelemea upande wa Subaru. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya niishike kalamu hii. "Hilo la magurudumu manne haliwezi kuteleza," alisema. "Hata mvua ikinyesha nitakwenda nitakavyo."

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maneno hayo yalinitia hofu kuliko deni lenyewe. Ikiwa mwalimu anaamini hivyo, mwanafunzi wake ataamini nini?

Tuanze na ukweli ulio upande wake. Tairi hushika barabara kwa msuguano, na msuguano huo una kikomo. Kazi ya kusukuma na kazi ya kukata kona zote hulipwa kutoka mfuko huo mmoja. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huyaachia ya mbele kazi ya kuongoza, na ndiyo sababu wapenzi wa uendeshaji husifu usukani wake. Lakini dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi ndani ya kona, tairi za nyuma huishiwa na mshiko na mkia wa gari hutaka kukitangulia kichwa. Gari la magurudumu manne huugawa mzigo wa kusukuma mara nne, kwa hiyo kila tairi hudaiwa kidogo. Katika matope na changarawe, faida hiyo ni kubwa.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu wenyewe kuhusu jambo hili, nao ni mashindano ya Safari Rally yaliyoanza mwaka wa 1953. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Audi Quattro lilikuwa limeutikisa ulimwengu wa mashindano kwa kusukumwa na magurudumu manne, na mwaka wa 1983 Hannu Mikkola akawa bingwa wa dunia akiliendesha. Wengi waliamini kwamba enzi ya magurudumu ya nyuma imekwisha. Lakini Safari ya mwaka huo huo ilishindwa na Ari Vatanen katika Opel Ascona 400, gari la magurudumu ya nyuma. Mwaka wa 1984 akashinda Björn Waldegård katika Toyota Celica, mwaka wa 1985 Juha Kankkunen, na mwaka wa 1986 Waldegård tena, wote katika Celica zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Kulikoni? Safari ya siku hizo ilikuwa ya maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na mito iliyofurika, na mshindi mara nyingi alikuwa yule ambaye gari lake halikuvunjika. Gari lenye shafti chache na difu moja lina vyuma vichache vya kuvunjika, tena fundi hulitengeneza upesi kando ya njia. Baadaye magari ya magurudumu manne yaliimarishwa, na mwaka wa 1987 Mikkola akashinda katika Audi 200 Quattro. Tangu mwaka huo hadi 2002, Safari ilipokuwa katika ubingwa wa dunia kabla ya kuachwa nje na kurejea mwaka wa 2021, kila gari lililoshinda lilikuwa la magurudumu manne. Funzo lililopo hapa ni kwamba hakuna gari lililo bora hewani. Bora ni bora mahali fulani, kwa kazi fulani.

Sasa nije kwenye kosa la mpwa wangu. Magurudumu yanayosukuma huamua jinsi gari linavyoondoka, si jinsi linavyosimama. Breki za magari yote mawili hufunga magurudumu manne. Chukua gari lolote kati ya hayo likienda kilomita 100 kwa saa, na tuseme msuguano wa lami kavu ni sehemu saba kwa kumi za uzito wake. Tangu breki zinapofunga hadi gari kusimama, litakuwa limekula mita 56 hivi. Lami ikilowa na msuguano ukashuka hadi sehemu nne kwa kumi, litahitaji mita 98 hivi. Ongeza mita 28 ambazo hupita katika sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 50 kwa saa, katika lami hiyo hiyo iliyolowa, breki zitahitaji mita 25 tu. Katika hesabu hiyo yote, idadi ya magurudumu yanayosukuma haimo kabisa.

Tena kuna hatari iliyojificha. Katika ujana wangu niliazima pikapu tupu, ya magurudumu ya nyuma, nikaiendesha kwa mbwembwe katika njia ya udongo iliyopita katikati ya kahawa baada ya mvua. Mkia uliruka, nikaishia shambani. Mimi nilitoka salama. Mibuni kadhaa haikutoka. Lakini pikapu ile ilikuwa imenionya mara tatu kabla ya kunitupa. Gari la magurudumu manne huondoka kwa utulivu hata penye utelezi, na dereva asiyejua hudhani barabara ni nzuri, hadi siku anapogusa breki.

Nilimwambia mpwa wangu sitatia sahihi hadi aifanye hesabu hiyo pamoja na wanafunzi wake wa kidato cha nne. Alirudi baada ya juma moja. Kumbe msichana mmoja darasani alikuwa amemwuliza, "Mwalimu, kama ni hivyo, mbona watu husema gari hilo ni salama zaidi?" Hakuwa na jibu. Alisema bado analitaka Subaru, lakini sasa alikuwa na sababu nyingine: njia ya udongo itokayo barabara kuu ya Thika hadi kwetu hugeuka matope wakati wa masika, naye hupita hapo kila alfajiri. Alikuwa pia amepunguza bei ya gari aliyoikusudia ili abakize fedha za tairi nne mpya, kwani mtambo wa magurudumu manne huumia tairi zikichakaa kwa viwango tofauti.

Chaguo lilikuwa lile lile, lakini aliyechagua hakuwa yule yule. Nilitia sahihi.

Walimu wenzangu, msiliache somo la msuguano liwe la vipande vya mbao juu ya meza. Lipelekeni barabarani, ambako wanafunzi wetu watakuwa abiria na madereva. Nanyi wanafunzi, mtu akiwasifia gari, muulizeni maswali mawili: litapita njia gani, na litasimama kwa mita ngapi?