Masaa yetu inapotelea mu kompyuta namna gani?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kungojea bulletin de paie kila mwisho wa mwezi: siku hizi masaa ya kazi hayahesabiwi tena na karani mwenye daftari na kalamu. Yanahesabiwa na programu. Sisi delege wa sendika tunawekewa karatasi safi ku meza na kuambiwa: «Ni kompyuta ilihesabu.» Lakini kompyuta inafanya tu ile mutu aliiandikia. Leo tunaeleza kosa moja yenye kujificha, ili kila delege ajue kuiulizia.

Makro ni nini?

SAS ni programu ya takwimu iliyozaliwa ku chuo kikuu cha North Carolina State, Marekani. Kampuni yake ilianza mwaka 1976. Ndani yake mutu anaweza kuandika kipande cha kazi mara moja, akakipa jina, kisha akakiita kila mara anapokihitaji. Kipande hicho ndicho makro. Ndani ya makro kuna majina yenye kushika hesabu: «i» inaweza kushika namba ya chantier, «mwezi» inashika mwezi.

Jeton moja, watu wawili

Kila mwenye kushuka chini anajua lampisterie: jeton yako ni yako peke yako. Watu wawili wakibeba namba moja, mmoja akipanda na kurudisha jeton, huko juu watasema namba hiyo imetoka, na mwingine angali chini. Majina ya makro iko vile vile.

Tuseme kampuni iko na chantier 4, na kila chantier iko na poste 3: asubuhi, mchana na usiku. Makro kubwa inazunguka chantier: «i» ni 1, halafu 2, mpaka 4. Ku kila chantier inaita makro ndogo ya kuhesabu poste. Mwenye kuandika makro ndogo naye alitumia «i», bila kusema kama ni ya ndani. SAS inatafuta kama jina hilo liko tayari kwa yule aliyeita. Ikilikuta, inaandika juu yake. Makro ndogo inahesabu 1, 2, 3, na inapomaliza «i» imebaki 4. Makro kubwa inaongeza 1, inapata 5, inasema: chantier zimekwisha. Kumbe imehesabu ya kwanza tu!

Hakuna alama nyekundu yenye kuonekana. Kama chantier zingekuwa 5, programu ingeruka ya 2, ya 3 na ya 4, kisha ingerudia ya 5 bila mwisho, na kila mutu angeona. Hii yenye kunyamaza ni mbaya zaidi: inakula masaa ya ziada, yale yenye kupita 45 ya juma, na wa chantier tatu wanarudi nyumbani na mshahara mfupi.

Dawa yake

Ni mstari mmoja mwanzoni mwa makro ndogo: `%local i;`. Maana yake: «i» hii ni ya humu ndani, makro ikiisha nayo inakufa. Kila jina la ndani litangazwe hivyo. Namba ya chantier na mwezi zipitie ku mlango, kama parametri, juu parametri ni za ndani siku zote. Jina la `%global` linaonekana kila mahali, kwa hiyo litumiwe kidogo sana. Mwezi wa Juni ukibaki humo na mutu akasahau kuubadilisha, Julai itahesabiwa kwa Juni.

Tuulize nini?

Si lazima kila delege ajue kuandika programu. Tuombe vitu vitatu: orodha ya chantier zilizohesabiwa, moja moja, jumla ya kila poste, na mfanyakazi mmoja wa kila chantier ahesabiwe kwa mkono mbele yetu. Hesabu ya mkono na ya mashini zisipofanana, tusitie sahihi mpaka waeleze. Na watoto wetu wenye kusoma statistique, mukatishe gazeti hii na mukaiweke ndani ya daftari.