Mkague Mwenye Nyumba Kabla ya Kutia Saini (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwenye nyumba wa New York anavyomchunguza mpangaji: mshahara wake, madeni yake, kodi aliyolipa kule alikotoka. Leo tumgeukie yeye.

Idara ya nyumba ya jiji hilo, HPD, huweka kumbukumbu za makosa ya majengo ya kupangisha, na yeyote mwenye intaneti huzisoma bure kwa kuandika anwani tu. Makosa ya daraja A ni dosari ndogo. Mwenye nyumba hupewa siku 90. B ni ya hatari, siku 30. C ni ya hatari ya papo hapo: nyumba ikikosa joto au maji ya moto, anatakiwa arekebishe ndani ya saa 24.

Usihangaike na idadi. Jengo kuukuu lenye familia 60 halikosi rangi iliyobanduka. Soma tarehe. Kosa la joto likiandikwa Januari hii, kisha Januari inayofuata, kisha ya tatu, jua kwamba boila inatulizwa tu, haitengenezwi.

Wala neno "limerekebishwa" lisikutoshe, kwa kuwa mwenye nyumba mwenyewe anaruhusiwa kulithibitisha. Januari 9, 2022, hita ya umeme iliwasha moto katika jengo la Twin Parks, Bronx. Watu 17 walifariki, 8 kati yao watoto. Familia nyingi zilikuwa na asili ya Gambia. Kilichowaua ni moshi, uliosambaa kwa sababu milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga. Jengo hilo lilikwisha kuandikiwa makosa ya milango ya namna hiyo miaka ya nyuma, nayo yakahesabiwa kuwa yamerekebishwa. Siwezi kusoma kumbukumbu hizo za HPD bila kuwakumbuka watoto wale.

Jina la kampuni kwenye mkataba nalo mara nyingi ni pazia, maana wamiliki wengi husajili kila jengo kwa kampuni yake. Tafuta jina la mtu katika usajili wa HPD, kisha hati ya umiliki na rehani katika daftari la jiji liitwalo ACRIS. Ukimpata, kagua na majengo yake mengine. Huko ndiko tabia yake ilikoandikwa.

Ukikuta kosa la C halijafungwa, mwulize kwa maandishi litatengenezwa lini. Asipojibu, usilipe amana.