Mkonge wa Mkulima Mdogo (3): Mashine na Mikono ya Mlishaji

Juma lililopita tulieleza kwa nini mkulima mdogo wa Korogwe au Kishapu anahitaji mashine inayomfuata shambani. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 4 hivi tu za singa kavu. Zilizobaki ni maji na makapi. Kuyasafirisha yote hadi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, iliyo mbali ni kulipia maji nauli. Tena jani likicheleweshwa baada ya kukatwa hukauka, na nyama yake ikang'ang'ania singa.

Leo tuitazame mashine yenyewe, raspadori, tukianzia pale anaposimama mlishaji.

Ndani yake mna ngoma ya chuma yenye mapanga butu, inayozunguka kwa kasi karibu na bamba lisilosogea. Jani likipita kati ya ngoma na bamba hupondwa na kukwanguliwa, singa zikabaki. Mlishaji huingiza nusu ya jani, huivuta, huligeuza, kisha huingiza nusu ya pili. Hatari kubwa iko hapo kwenye kugeuza. Mara ya kwanza alishika jani gumu. Sasa ameshika singa mbichi zinazoteleza kwa utomvu. Zisimponyoke, huzizungushia kiganjani. Ngoma ikizivuta ghafla, mkono nao umeshafungwa humo humo.

Mtu atasema turefushe mdomo wa kulishia upite urefu wa mkono. Hesabu inakataa. Jani la sentimita 120 lazima lisafishwe angalau sentimita 60 kila upande. Mdomo ukiwa wa sentimita 70, katikati ya jani hapatafikiwa kamwe. Kuubana mdomo nako hakutoshi, maana uwazi unaopitisha kitako cha jani hupitisha na kiganja.

Ninachopendekeza ni kibanio: taya mbili za chuma zilizovikwa mpira, mpini, na upau mpana kuliko mdomo wa mashine. Ngoma ikivuta, upau unagota kwenye fremu na mkono unabaki nje. Kubana na kubandua kutapunguza mwendo wa kazi, nami nakubali hasara hiyo bila kusita. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kukitengeneza.

Kibanio hutatua na jambo la glavu. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, lakini glavu pana ya kitambaa karibu na ngoma ni kitu kingine cha kunaswa. Mikono ikikaa mbali, glavu za mpira zinazobana zinavalika.

Kimo cha mashine nacho kipimwe kwa watumiaji. Kazi ya kuvuta humfaa mtu mikono ikiwa chini kidogo ya viwiko. Fundi mrefu akipima kwa mwili wake, mama mfupi atashinda ameinua mabega. Miguu ya fremu itobolewe matundu ya pini, ishuke na kupanda. Kumsimamisha mlishaji juu ya ubao si suluhisho, kwani makapi yanayomwagika huufanya uteleze. Yaelekezwe nyuma ya mashine.

Mwisho ni breki. Ukizima injini, ngoma huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Uwekwe wenzo mmoja unaolegeza mkanda na kuikaba ngoma kwa pamoja, nao uwe usawa wa goti, kwa sababu anayeuhitaji huenda mikono yake yote miwili haiko huru.