Kwenye simu damu ya mzee, kwenye jora kahawia

Majora 12 ya kitenge yalishushwa kwenye gari Kabanga, mpakani mwa Tanzania na Burundi, na mwenye mzigo akapasua nailoni ya kwanza hapo hapo chini ya paa la ghala. Akanyamaza. Alikuwa ameagiza damu ya mzee, sare ya harusi ya watu 60 upande wa pili, na fedha za kamati zilikuwa zimeshalipwa. Alichokiona kilielekea kahawia. Akatoa simu, akafungua picha aliyotumiwa kutoka Dar es Salaam, akaiweka juu ya kitambaa. Neno lake la kwanza ni kwamba ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Namba iliyochapwa kwenye pindo la jora ilikuwa ile ile ya kwenye picha. Kilichomponza ni kwamba simu na kitambaa havitengenezi rangi kwa njia moja.

Jaribu mwenyewe. Fungua picha nyeupe kwenye simu, kisha dondosha juu ya kioo tone dogo la maji, dogo kama kichwa cha pini. Ndani ya tone utaona vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Cheupe hakuna hata kimoja. Mianga hiyo mitatu ikiwaka pamoja, jicho linasema nyeupe. Ukiona manjano kwenye simu, ujue ni nyekundu na kijani vimewashwa na buluu imezimwa. James Clerk Maxwell alionyesha jambo hili London mwaka 1861, alipoziangaza kwa pamoja picha tatu za utepe zilizokuwa zimepigwa kupitia vichujio vya rangi hizo tatu.

Sasa mwambie fundi rangi achanganye nyekundu na kijani ili apate manjano. Atakucheka, kwa sababu atapata tope. Dawa ya rangi haitoi mwanga, inaula. Dawa ya manjano hula buluu na kuacha nyekundu na kijani vikufikie machoni. Ukiongeza dawa nyingine, nayo inakula fungu lake, na kila unapochanganya giza linazidi. Ndiyo maana mtambo wa kuchapa hauanzi na nyekundu, kijani na buluu. Unatumia sayani, ambayo ni samawati inayoelekea kijani, majenta, ambayo ni waridi iliyokolea, na manjano. Kisha nyeusi, kwa sababu tatu hizo peke yake hazitoi weusi wa kweli. Chukua kioo cha kukuzia uangalie picha ya rangi kwenye gazeti, utaviona vitone vyake. Nyekundu, manjano na buluu tulizokaririshwa shuleni ni ndugu wa karibu wa hizo, si zenyewe.

Kwa mfanyabiashara, tatizo kubwa liko hapa: simu inakurushia mwanga wake, kitambaa kinasubiri mwanga wa kuazima. Damu ya mzee kwenye simu ni vidoa vyekundu vilivyopunguzwa makali. Kwenye jora ni dawa inayorudisha wekundu kidogo tu, na taa za ghala zikiwa hafifu kwa wekundu, hakuna cha kurudisha. Ongeza kamera, ambayo hujirekebishia rangi bila kuulizwa, na mwangaza wa kioo ambao kila mtu ameuweka anavyopenda.

Kwa hiyo picha itumike kuchagua maua ya kitenge, si kufunga oda ya sare. Omba kipande cha upana wa vidole vinne kitumwe kwa basi. Nusu abaki nayo muuzaji, nusu wewe, na mkubaliane kwamba hicho ndicho kipimo. Kiangalie nje mchana, halafu chini ya taa za ukumbi wenyewe. Na ukirudia oda, peleka kipande cha mzigo wa kwanza, maana hata kiwandani dawa ya awamu moja haifanani sana na ya nyingine.

Mama yule tulimshauri atoe jora juani. Wekundu ulijitokeza, ingawa si ule wa kwenye simu. Akakata kipande, akampa dereva wa basi la Bujumbura akipeleke kwa kamati. Majora 11 yalibaki Kabanga, nailoni hazijapasuliwa, yakingoja jibu.